Janga Halishtakiwi

Neno lililomtia Jeska wazimu siku ile lilikuwa na herufi tano tu: janga. Lilikuwa limechapwa vizuri kabisa kwenye karatasi nyeupe, mstari wa nne. "Baba yangu, Havyarimana, mwalimu wa shule ya msingi, alifariki katika janga la mwaka 1972 nchini Burundi." Chini yake palikuwa na nafasi ya kutia saini.

"Nani kafa kwenye janga?" aliuliza.

Wakili Wenceslaus alikuwa kijana wa Kinyamwezi, mpole, mwenye adabu zake. Alikuwa ameshamwamkia shikamoo mara mbili, ya pili kwa kusahau. Ofisi ya shirika lao la msaada wa kisheria ilikuwa chumba kimoja pale Gongoni, mjini Tabora, juu ya duka la vitambaa la Hitesh, na humo walikuwa wakikusanya maelezo ya watu ambao ndugu zao waliishia kwenye mauaji yale. Akavuta jalada, akalipekua.

"Ndivyo ulivyosema mwenyewe, mama. Mkalimani alipokuja kwenu Ulyankulu, ulimwambia kwa Kirundi kwamba baba alikwenda na ikiza. Si ndiyo janga hilo?"

Kijana hakukosea. Ikiza kwa Kirundi ni balaa linaloshuka lenyewe: tauni, nzige, mafuriko. Na ndilo jina ambalo Warundi wenyewe waliupa mwaka ule watu walipobebwa kwa malori wasirudi. Jeska anasema Kiswahili tangu ana miaka tisa. Anagombana kwa Kiswahili, anauza tumbaku kwa Kiswahili, hata mbuzi wake anawafukuza kwa Kiswahili. Lakini habari ya baba yake hajawahi kuisimulia ila kwa Kirundi, na kwa Kirundi neno lake ni hilo moja.

"Sasa lina ubaya gani?" aliuliza Jonasi, kaka yake, aliyekaa pembeni na kofia magotini. "Tia saini tuwahi basi."

"Ubaya upo," alisema wakili, taratibu. "Kesho majalada yanaondoka. Yaliyomtaja mtu aliyetenda yanakwenda kwa wachunguzi. Yasiyomtaja yanakwenda kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu. Janga halishtakiwi, mama."

Haya, niambie wewe. Miaka hamsini na mbili mtu analia, kumbe kwenye karatasi baba yake kafa kama aliyeangukiwa na mvua ya mawe! Jeska alishikwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Tabora hii hii watu walipitishwa na minyororo shingoni, na kila mtoto wa shule anafundishwa waliofungwa walifungwa na nani. Hakuna mwalimu anayesema minyororo ilidondoka kutoka mbinguni. Ila baba yake yeye, mwalimu Havyarimana, eti alipatwa na janga.

"Futa hilo," alisema. "Andika aliuawa."

"Nitaandika, mama. Lakini fomu itauliza na nani."

Jonasi akakohoa.

Jeska alijua ni nani. Baba alikuwa amejificha migombani siku tatu, askari wakamtafuta wakashindwa. Siku ya nne, adhuhuri, wakaja na Nibitanga, mdogo wake mama, tarishi wa ofisi ya wilaya. Nibitanga akasimama uani akaita kwa sauti ile ile ya kuombea pombe: "Shemeji, toka, nimeshaongea nao, yamekwisha." Baba akatoka, huku anajipangusa majani makavu begani. Wakamtupa nyuma ya lori. Nibitanga akapanda mbele, akakaa na dereva.

Jeska aliposema mjomba ndiye, mama alimchapa kofi la mdomo. "Ni ikiza," akamwambia. "Umesikia? Baba yenu kachukuliwa na ikiza." Watoto wakasikia. Mama alikuwa amempoteza mume, hakutaka kumpoteza na ndugu yake wa tumbo moja, basi akamfunika kwa neno, na mpaka tunamzika hakulifunua. Nasema tunamzika kwa sababu kijiji kizima tulikuwepo, na sote tulisema ikiza.

"Mama alikuwa mwongo," alisema Jeska.

"Usimseme marehemu," alisema Jonasi. "Jeska, funika kombe mwanaharamu apite. Yule ni mzee, ana miaka themanini na mitano. Ana siku ngapi?"

Maana Nibitanga alikuwa hai. Mwaka uliofuata wakubwa waliomtuma walimgeuka, akavuka mpaka, akafika kwa miguu yake Ulyankulu, kwenye makazi ya sisi wakimbizi, na mama akampokea. Akawa mtu wa kanisani, kiongozi wa jumuiya, mtu wa kusuluhisha ndoa za watu. Sasa analala chumba cha mbele nyumbani kwa Jonasi. Juu ya lori lile hajawahi kufumbua mdomo, na wala hakuna aliyemuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawa walikuwa wamekifulia nguo na kukipigia pasi.

Jonasi akahamia kwenye Kirundi ili wakili asiambulie kitu. "Jioni utamtazamaje? Wanangu wanamwita babu."

"Na baba yetu wanamwitaje?" Jeska alimjibu kwa Kiswahili, kwa makusudi, kila neno likisikika. "Wanamwita ikiza?"

Jonasi akaigeuza kofia magotini.

"Wewe ulikuwepo, kaka. Ulimwona alivyokaa mbele."

"Labda alilazimishwa."

"Labda. Basi akawaambie wachunguzi alilazimishwa na nani, nami nitamsikiliza. Mdomo wa kusalisha rozari anao miaka hamsini, wa kusema hili anakosa? Nimechoka, Jonasi. Nimechoka na yeye, nimechoka na wewe, na mimi mwenyewe ndiyo usiseme. Nimemlea yule mzee kwa ulimi wangu huu, kila niliposema ikiza."

Jonasi alivaa kofia yake, akainuka, akatoka bila kuaga. Walimsikia akishuka ngazi pole pole, mtu wa miaka sitini na minne mwenye goti bovu. Jeska alitamani amfuate amshike mkono, kwa kuwa hana ndugu mwingine duniani. Hakuinuka.

Wenceslaus alisubiri mpaka ngazi zikanyamaza. "Mama, tunaweza kuandika watu wasiojulikana. Wengi wanafanya hivyo, na hawalaumiwi."

"Huyu namjua tangu nizaliwe."

"Basi sema taratibu." Akageuza kompyuta, akafuta ule mstari wa nne. "Jina la aliyetenda?"

"Nibitanga."

"Uhusiano?"

"Mjomba wangu."

"Yu hai?"

"Yuko Ulyankulu, nyumbani kwa huyo aliyetoka."

Vidole vya wakili vikasimama. Akautazama mlango, kisha akaendelea kuandika. "Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Leo asubuhi," alisema Jeska. "Nilimpelekea uji. Nikapiga goti nikamwambia, shikamoo mjomba."