Swali Lililokatazwa

Katika Kingi nzima hakuna mtu aliyeijua ile sheria ya mitihani kama Mama Euphrasie, wala aliyewachosha wenzake kwayo kama yeye. Serikali ilikuwa inatafuta agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, wa kukaa Kingi, na Euphrasie, mwalimu mstaafu wa kilimo, alikuwa mmoja wa watahini watatu. Asubuhi, hata chai haijanywewa, alikuwa ameshaanza.

"Hapa hatuulize muntu kabila. Hatuulize kwabo ni wapi. Tunaangalia kazi tu. Na mwenye ataona ndugu yake mu mutihani, anatoka inje, na hamusemeshe mpaka majina isomwe."

"Mama, tumesikia," alisema Papa Polycarpe, mkubwa wa watahini, ambaye alikuwa amesikia tangu jana.

Watahiniwa wakakaa uani, kila mmoja na namba badala ya jina, na kila mmoja akapewa ungo wa maharage ayachambue, ya mbegu huku, ya kula kule. Watahini walibaki darasani, mlango umefungwa, wakiletewa ungo mmoja mmoja.

Ungo wa kwanza, mafungu mawili. Wa pili na wa tatu, vilevile. Wa namba nne ulikuwa na fungu la tatu, dogo, la punje zilizovunjika, limesogezwa ukingoni. La kuku. Euphrasie aliutambua mkono huo. Ni nyumbani kwake tu kuku walikuwa na fungu lao, na aliyefundishwa hivyo alikuwa mmoja, Bibiche, binti yake wa pekee.

Hakuwa amemwona tangu aolewe. Floribert alikuja kuposa akitokea Buleusa, kule Walikale, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi la safari, na kabla ya kumpa kiti Euphrasie alimuuliza, "We kabila gani?" Jibu halikumpendeza. Akamwambia Bibiche, "Ukienda uko, usinisalimie tena." Watoto wengine wana utii mbaya. Bibiche alikwenda, na hakusalimu tena.

Kwao mama humpa binti aliyeolewa mbegu za shamba lake la kwanza. Kila mavuno Euphrasie aliweka kifuko cha maharage juu ya jiko, kila msimu akayapika yale ya zamani na kuweka mapya. Aliyala peke yake.

Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwake. Ungo ulikuwa mzuri, haki ya Mungu ulikuwa mzuri. Akinyamaza na kuandika alama, Bibiche atakaa Kingi, atapita njiani asubuhi, sauti yake itasikika. Alilitamani hilo. Lakini ikijulikana baadaye, mtoto atafukuzwa kwa aibu ya mama. Akaweka kalamu chini.

"Mu bale ba inje muko mutoto yangu. Musiniulize namba. Natoka."

"Mama, kaa!" alisema Claudette, mtahini wa tatu. "Nani ataleta maneno?"

"Kingi yote," alijibu, akafungua mlango.

Njia ya kutokea ilikuwa moja, katikati ya mabenchi. Bibiche alimwona, akasimama upesi, uso wote umefunguka. "Mama!" Euphrasie alikaza macho kwenye mikaratusi ya ng'ambo, akapita. 

Watahiniwa wakaitwa ndani mmoja mmoja kuulizwa maswali ya kazi, na alasiri Papa Polycarpe alisoma majina. Wa kwanza, Bibiche. Hakuna aliyeitika.

"Alishapanda pikipiki, anarudia njia ya Kashebere," alisema mtu mmoja. "Alikuwa analia."

"Kama hafike kesho kutia sahihi, wa pili anabeba kazi," alisema Papa Polycarpe. "Ni sheria."

"Najua sheria!" alifoka Euphrasie.

Alikimbia nyumbani, akachukua kifuko, akakodi pikipiki. Alimkuta binti yake Kashebere, ameketi kando ya barabara kwenye vibanda vya wauza mafuta ya mawese, akingoja pikipiki ya Buleusa. Tangu zamani mtoto ndiye humsalimu mama kwanza. Euphrasie alishuka, matope hadi magotini, akamsalimu yeye.

"Jambo, mutoto yangu."

Bibiche hakuinuka. "Mulinipita mbele ya bantu bote."

"Nilikuwa mu juri ya mutihani. Sikukuwa na ruhusa ya kukusemesha mpaka majina isomwe. Imesomwa. Uko wa kwanza, na hata alama moja haikutoka kwangu."

Bibiche alifunika mdomo kwa viganja, machozi yakamtoka. Kisha akakiona kifuko. "Na ile?"

"Mbegu yako. Ya harusi."

Hakuipokea. "Mama, kule ndani baliniuliza mambo ya udongo, ya mbegu, ya magonjwa. Hata mumoja hakuniuliza bwana yangu iko kabila gani. Nikasema, kumbe inawezekana. Lakini Floribert, nyie mulimuuliza mbele ya kumupa kiti."

Euphrasie alikirudisha kifuko kifuani. 

"Kesho nitakuja kutia sahihi," alisema Bibiche. "Lakini Kingi tutahamia babili, mimi na Floribert."

Pikipiki ya Buleusa ikafika, dereva akaita. Bibiche alipanda. Euphrasie alitazama barabara ilivyoingia msituni, njia ambayo hakuwahi kuifuata.

"Songa mbele," alimwambia binti yake, akapanda nyuma, kifuko kifuani. "Nikifika kwenu, nitasimama pa mulango mpaka Floribert anipe kiti."

Bibiche alisogea. Pikipiki ilipoanza kuteleza kwenye matope, alirudisha mkono nyuma akalishika goti la mama yake, asianguke.