Gololi Iliyopungua

Serikali yetu ilikuwa na siku ishirini na tatu tu Bunge lilipokutana kuiangusha. Wabunge wetu hawakuwahi kutosha, na chama kidogo kilichokuwa kinatubeba kilishajitoa. Kwenye kantini ya wizara watu walinitania, wakaniuliza kama nimeshafungasha kikombe changu.

Nilikuwa naandika rasimu katika wizara ya Bi Leontina Hurmuz. Karatasi moja ilininyima usingizi: amri ya dharura ya kuwaruhusu mabibi kuwaandikisha shule wajukuu na vitukuu ambao wazazi wao wako Italia na Hispania kutafuta kazi. Kule Vaslui, mkoani kwetu, bibi yangu anamlea Ilinca, mtoto wa dada yangu; dada mwenyewe huchuma stroberi Hispania. Shule ilimrudisha bibi mara mbili kwa kuwa hana sahihi ya mama. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano.

Waziri Mkuu alitia sahihi asubuhi. Lakini amri haina nguvu mpaka itoke katika Gazeti Rasmi, na serikali ikishaanguka haiwezi tena kutoa amri. Watu wa Gazeti waliahidi saa tisa. Kura ilikuwa saa saba.

Bi Leontina alinituma bungeni nikamwangalilie mambo. Ukumbini nje nilikutana na mzee Neculai Stoleru, mbunge wa upinzani kutoka mkoa wetu, akaniuliza mbona nimebadilika rangi. Mimi huwa siongei na wakubwa, lakini siku ile nilimweleza yote, mpaka habari za Ilinca.

“Sauti yenyewe kama ya kifaranga,” alisema. “Binti, chama kimeniamuru. Leo mnaanguka, hilo halina mjadala.”

“Siombi tusianguke, mzee. Naomba saa mbili tu.”

Kengele ililia, akaingia ndani.

Kura ya namna hii sisi huipiga kwa gololi. Kila mbunge hupewa mbili, nyeupe na nyeusi, akaenda mbele kwenye masanduku mawili. Nyeupe katika sanduku jeupe na nyeusi katika jeusi maana yake ndiyo, iangushwe. Ukizigeuza, umesema hapana. Kila mara hutokea mmoja akachanganya, akasimama pale mkono hewani huku wenzake wakimzomea.

Nilikaa roshani nikiwatazama wakiitwa kwa majina, zaidi ya mia nne. Saa nane na dakika kumi wakaanza kuhesabu. Sanduku jeusi lilipungukiwa na gololi moja. Wakahesabu upya, ikapungua ile ile. Makarani walipiga magoti wakapapasa chini ya viti, na mbunge mmoja mama akasema kwa sauti kwamba ndipo taifa lilipofika, kutafuta gololi kwenye zulia. Spika alikunja uso, akaagiza gololi nyingine ziletwe na kura irudiwe, jina kwa jina.

Saa tisa na dakika nne simu yangu ilitikisika. Amri imetoka. Nililia kimya kimya, nikijificha nyuma ya nguzo.

Saa kumi tulianguka, kwa kura nyingi. Stoleru alituangusha mara zote mbili. Nina hakika, maana hakuwa mtu wa kukisaliti chama chake. Wakati wa kutoka alinipita ukumbini, akafungua kiganja kidogo tu nikaona gololi nyeusi, kisha akaitia mfukoni.

“Uzee, binti. Mikono inasahau,” alisema. “Mwambie bibi aende kesho, asingoje Ijumaa.”

Nilimpigia bibi pale pale kwenye ngazi. Nilimweleza kwamba Bunge bado litaijadili amri ile siku za mbele, lakini kuanzia leo ana haki ya kusaini. Nyuma yake nilimsikia Ilinca akigombana na kuku.

“Kwa hiyo serikali iliyoniruhusu imeshaanguka?”

“Imeanguka, bibi.”

“Maskini. Basi ngoja nitafute miwani.”