Mamba wa Jamaika na Nta ya Ugalla

“Nyumbani kwangu kuna noti nyingi kuliko dukani kwa Mhindi,” Josefina aliwatambia wenzake kisimani, halafu akajiumbua mwenyewe kabla hawajamuumbua: “Shida yake, hakuna hata moja inayonunua chumvi.”

Noti zilikuwa za mumewe, Evarist, mpishi wa mgodini Mpanda. Vita vya pili vya dunia vilimpeleka Misri, na huko akakutana na askari weusi kutoka visiwa vya Karibea. Wenzake walirudi na saa na makoti. Yeye alirudi na karatasi za Jamaika na Trinidadi, amezibadilisha kwa sigara. Watu walimcheka mpaka siku alipowafunulia. Loo! Mistari myembamba kama utando wa buibui, wino wa rangi ya ndizi mbivu, na ile ya Jamaika iliyowashinda wote: mananasi kwenye ngao, na juu yake mamba katulia kama yuko Mto Katuma.

“Kumbe na wenzetu wa huko wanaliwa!” jirani yao Romana alisema.

Josefina alizipenda noti, lakini alipenda zaidi mikono ya mumewe. Mikono ya kukatia vitunguu, ikishika noti inakuwa kama ya padri altareni.

Moja tu ilikosekana: ya Barbados. Sasa fundi mpya wa mitambo, Bwana Braiti, mzaliwa wa huko huko, alikuwa nayo. Jumapili baada ya misa angekuja wabadilishane kwa ile ya mamba. Wiki nzima Evarist, kwa mchecheto, alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari.

Jumamosi, mume yuko kazini, Josefina akaona mchwa wamejenga njia kuelekea kilindo, lile kopo la gome la mti zilimokaa noti. Binti wa warina asali wa Ugalla anajua dawa moja tu: nta. Akaitoa noti ya mamba, akaipaka, akaisugua taratibu mpaka mamba akang’aa kama ndiyo kwanza anatoka majini. Akajipongeza.

Jumapili Bwana Braiti akaweka yake mezani. Mfalme juu ya gari, linavutwa na farasi wenye mikia ya samaki! Evarist akashika kifua.

“Sharti moja, kaka,” mgeni akasema. “Noti iwe kama ilivyotoka mfukoni. Ikioshwa, ikipigwa pasi, ikipakwa kitu, mimi sitaki.”

Josefina akajishughulisha na kumimina chai.

“Mama Evodi, uliigusa hii?” Evarist akamuuliza mkewe, akiiweka noti ya mamba mezani.

“Mimi? Baba Evodi, tangu lini nikagusa mambo yako? Hata kilindo chenyewe nakifagilia kwa mbali.”

Mgeni akaridhika, akanyoosha mkono. Hapo nyuki akaingia dirishani, akazunguka meza, akatua mgongoni kwa mamba. Akaanza kulamba.

“Shemeji,” mgeni akauliza pole pole, “nyuki wa huku wanapenda mamba?”

“Wanapenda picha tu, shemeji. Ndivyo walivyo.”

Evarist alikuwa anamtazama nyuki, ambaye sasa aliruka, akawapita wanaume wote wawili, akatua kwenye kidole gumba cha Josefina, na kuanza kuichokonoa nta iliyobaki chini ya ukucha.