Nukta ya Baba Gicheru

"Mama Wacera, mbona ukisoma unasimama-simama kama ng'ombe anayepanda mlima?"

Jirani yangu Watiri aliniuliza hivyo tukitoka kanisani Ruring'u, mwaka wa sabini na mbili, Jumapili ambayo sisi akina mama tulipewa kusoma Neno. Nikamwambia mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba nukta ni mahali pa kumeza mate, ili anayesikia naye ameze. Shule yangu ni ya msingi tu, tena sikuimaliza, lakini hilo nililishika.

Alicheka sana. Wiki iliyofuata alikuja kwangu hacheki, amefunga kadi ya salamu za redio ndani ya kitambaa.

Mwanawe Gicheru alikuwa ameondoka nyumbani tangu mavuno ya kahawa ya mwaka uliopita. Alikataa chuo cha ualimu, na baba yake, Kahiga, akamwambia kile kijumba alichojengewa alipotahiriwa kitakuwa cha mbuzi. Hakuacha anwani. Watu walisema tu kwamba wamemwona upande wa Kangema akipakia majani chai kwenye lori. Barua isingejua pa kwenda. Redio ingejua.

"Andika," Watiri akasema, akaanza bila kupumua. "Gicheru mwanangu sisi hatujambo ng'ombe amezaa nyanya yako anakuulizia na baba yako hana hasira tena uje hata kesho na ile sweta nimeshona kiwiko..."

"Ngoja, Mama Gicheru. Atakayesoma hatumjui. Ana rundo la kadi mbele yake. Nikiandika hivyo atakimbia na yote pamoja, mtoto asikie ng'ombe tu."

"Sasa unataka kunijazia nukta? Niko na kadi moja!"

"Afadhali machache yafike. Na hilo la hasira, Baba Gicheru amelisema?"

Akatazama pembeni. "Atasema tu. Wewe andika."

"Siwezi kuandika neno ambalo halijatoka kinywani mwa mtu. Mtoto akija akute mbuzi?"

Aliniita hakimu, akaondoka na kadi yake. Kesho yake alirudi na Kahiga mwenyewe, ambaye alisimama mlangoni na kofia kichwani kama mtu aliyekuja kuazima jembe.

"Ati mnaandika nini?"

Nikachukua kadi, nikaandika, nikamsomea polepole. "Gicheru. Mama anakusalimu. Ng'ombe amezaa."

"Endelea."

"Imeishia hapo. Mstari uliobaki ni wako, Baba Gicheru."

Alivua kofia, akaigeuza-geuza mkononi. Watiri alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu taratibu.

"Andika: nyumba yako haina mbuzi."

"Hiyo tu?" Watiri akaruka. "Hata 'rudi' huwezi kusema, mzee huyu?"

Kahiga alinyoosha kidole kwenye kadi. Aliniambia mimi, "Weka nukta. Kubwa."

Nikaiweka kubwa, na mstari huo nikauacha peke yake, mbali na ng'ombe.

Tulipoituma kadi, tulisikiliza kwa redio ya marehemu mume wangu, kila mchana, hata ikabidi nianike betri juani zipate nguvu. Mimi niliomba kimoyomoyo. Mtangazaji alikuwa akisoma kadi za watu kama anayekimbia mvua. Siku yetu ilipofika alikuja mbio vivyo hivyo, mama, ng'ombe, halafu akapunguza.

"Nyumba yako haina mbuzi."

Akanyamaza kidogo kabla ya kadi nyingine. Nafikiri alimeza mate. Kahiga alikuwa anatazama udongo kwenye viatu vyake.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa uani kwao, nachambua maharagwe na Watiri, Kahiga ameketi kwenye kigoda chake, Gicheru alipoingia langoni na mfuko begani. Amekonda. Mama yake akamrukia na maneno yake yote kwa pumzi moja, ng'ombe, nyanya, sweta, machozi. Kijana alimkumbatia, lakini macho yalikuwa kwa baba yake.

"Baba. Ile ya mbuzi. Ulisema wewe, ama ni Mama Wacera alitunga?"

Nikainamia maharagwe yangu.

Kahiga aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Akampita mwanawe karibu kabisa, akamshika bega kidogo, akaenda zake kukifungua kile kijumba.