Mwenye Namba Kumi na Saba

Yolande Tshiela alikuwa na vitabu kumi na tisa ambavyo mtu mwingine yeyote wa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga huko Kongo, hakuwa navyo. Katika kila kimoja, ukurasa wa mwisho, chini ya sahihi ya mwandishi, iliandikwa kwa wino namba ileile: 17.

Vilitoka Liège, Ubelgiji, kwa mwanamke aitwaye Simone, aliyekuwa akichapa nyumbani kwake hadithi za kutisha na hadithi za dunia zijazo. Kila kitabu alikitoa nakala sitini tu. Alimpelekea mwandishi azitie sahihi moja baada ya nyingine, kisha yeye mwenyewe akaziandika namba. Ukijiandikisha kwake ulipewa namba yako, na namba hiyo ilibaki yako kwa kila kitabu kilichofuata, mpaka ufe au useme umechoka. Yolande alijiandikisha mwaka 1980, baada ya kuona tangazo dogo kwenye gazeti ambalo mhandisi mmoja Mbelgiji alilisahau ofisini. Wakati huo alikuwa karani katika ofisi ya michoro ya kampuni ya mgodi, msichana wa miaka ishirini na minne aliyependa kuogopa akiwa amekaa salama kitandani.

Msomaji wa pili wa vitabu hivyo alikuwa Mwenze, mchoraji wa ramani za mashimo, ambaye meza yake ilitazamana na ya Yolande. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, Mprotestanti, mpole, mwenye mkono usiotetemeka. Yolande alimwazima kimoja kimoja, kimefungwa kwa gazeti, na kila mara, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima, alimwambia, "Unanawa mikono kwanza, tata Mwenze. Na sabuni."

"Hata mutoto haumunawishe hivi," Mwenze alijibu.

Siku za Jumatatu walivijadili. Palikuwa na kimoja kuhusu wachimbaji walionaswa chini ya ardhi ya mwezi, na Mwenze alikikataa kabisa. "Huyu mwandishi hayafika mu shimo hata siku moja," alisema. "Mbao za kuzuia udongo iko wapi? Nani alichora hii njia?" Akachukua penseli akamchorea Yolande mgodi wa mwezini ulivyopaswa kuwa.

Basi ndivyo walivyoishi miaka kumi na miwili.

Kisha kazi zikaanza kufa. Shimo kubwa likaporomoka, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, mishahara ikachelewa mwezi, miwili, mitano. Watu walitafuta wa kulaumiwa, na wakubwa wakawaonyesha: watu waliotoka mkoa jirani wa Kasai. Yolande alizaliwa Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Baba yake ndiye aliyeletwa na treni kutoka Kasai kuja kuchimba, naye alikuwa ameshazikwa Kolwezi. Yolande mwenyewe hakuwa ameiona Kasai hata kwa siku moja. Lakini jina lake lilitosha.

Mwezi wa tatu mwaka 1993, vijana watano waliingia bila kubisha. Mmoja wao Yolande alimfundisha katekisimu. Huyo ndiye aliyesema, akitazama sakafu, "Mama Yolande, mpaka siku ya posho. Kisha hatutaweza tena kuwazuia wengine."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, Yolande alikodi kigari cha kusukuma. Mama yake, Mbelu, magoti yalikuwa yamevimba na hakuweza kutembea hata mpaka kona. Kigari kilimbeba yeye, godoro, sufuria mbili na mfuko wa unga. Vitabu vilibaki kwenye rafu, vimepangwa kama siku zote. Yolande hakuwa na dakika ya kuvilia.

Stesheni watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya reli, familia kwa familia, chini ya maturubai, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua inakuja lini. Siku ya tatu Mwenze alitokea na mkewe Rachelle, ambaye alibeba chungu cha bukari, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kupita pale kwa mtu wa Katanga halikuwa jambo dogo. Vijana walisimama mlangoni wakiandika majina ya wanaowapelekea chakula.

"Nyumba iko na muntu?" Mwenze aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Mlango walishaung'oa."

"Na bitabu?"

"Viache, tata Mwenze. Ni vitabu tu. Usiende kule."

Mwenze aligeuka kutazama upande wa Dilala. Rachelle alikuwa amepiga magoti akimlisha mama Mbelu kwa mkono, tonge kwa tonge, kama vile wako nyumbani na hakuna haraka yoyote. Walirudi mara nne nyingine katika majuma matano ambayo Yolande aliishi pale. Kisha treni ikaja.

Mama Mbelu alifariki njiani, kabla ya stesheni ya Kamina. Treni ilikuwa imeharibika ikasimama siku mbili, na wanaume waliokuwa kwenye behewa lile lile, watu ambao Yolande hakuwajua, walichimba kaburi kando ya reli kwa vipande vya bati. Yolande hakusahau mikono yao.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai, alipokelewa na shangazi ambaye hakuwahi kumwona, akapewa chumba, na baadaye kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ya parokia. Alishukuru. Tshiluba chake, lugha ya Kasai, watoto walikicheka, naye akajifunza kucheka pamoja nao. Miaka mitatu ilipita kabla hajawa na moyo wa kumwandikia Simone. Alipoandika, barua ilikuwa fupi: sina tena nyumba, sina tena vitabu, namba 17 mpe mtu mwingine, na asante kwa yote. Akampa padri aliyekuwa akienda Ulaya aipeleke.

Jibu lilimfikia baada ya miezi minane.

"Bibi," Simone aliandika, "sijui wewe ni nani, na barua yako imenisumbua. Yolande Tshiela ananiandikia kutoka Kolwezi mara mbili kwa mwaka, kwa njia ya masista, kama alivyoanza kufanya posta ilipokufa. Amepokea vitabu vinne tangu 1993. Barua yake ya mwisho ilikuja Pasaka. Bado anafanya kazi, na mama yake bado analalamikia magoti. Kama wewe ni ndugu yake mliyegombana, tafadhali usiniingize."

Yolande alikaa chini mbele ya darasa tupu. Aliisoma tena. Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira, hasira ya kumfanya masikio yapige kelele. Nyumba walichukua. Kazi walichukua. Sasa kuna mtu huko amevaa na jina lake! Na alijua ni nani, kwa sababu katika Kolwezi nzima mtu mmoja tu alijua habari za namba 17. Kwa hiyo na wewe, tata Mwenze, aliwaza. Hata wewe.

Alimwandikia Simone tena. Alimkumbusha kitabu kilichofika mwaka 1984 kona yake ikiwa imelowa, na maneno ambayo Simone alimwandikia kuomba radhi. Akaomba jambo moja: nakala za barua za huyo Yolande mwingine.

Simone alizituma zote saba.

Mwandiko ulikuwa wake. Mchoraji wa ramani alikuwa ameuiga hadi mstari mrefu ambao Yolande huuvuta juu ya herufi t. Alianza kusoma amesimama, akitafuta uongo wa kumhukumu nao.

"Umeme wa bwawa la Nzilo unakatika sana siku hizi," ilisema ya kwanza, "kwa hiyo kitabu kipya nimekisoma mchana, na nadhani kinatisha zaidi mchana." Ya tatu ilisema: "Mama amekaa nje kwenye kiti chake. Amenicheka kwa sababu nililia juu ya yule mtu wa chuma aliyeachwa peke yake kwenye sayari. Anasema magoti yake ni ya chuma vilevile na hakuna anayeyalilia." Ya tano ilieleza kwamba wamepaka ukuta rangi. Ya sita, kwamba upepo umeleta vumbi la taka za mgodi kutoka Kingamyambo mpaka mezani, lakini vitabu amevifunika kwa kitambaa.

Hakuna mahali popote katika barua zile palipokuwa na vijana mlangoni, wala stesheni, wala treni. Alipofika barua ya tatu Yolande alikuwa ameshakaa chini. Kwa miaka minne hakuwa amemwona mama yake ila kwenye behewa lile. Sasa alimwona kwenye kiti, anacheka. Alilia mpaka shangazi akaja kuuliza nani amekufa, naye akashindwa kumweleza kwamba ni kinyume.

Alitaka kwenda mara moja. Vita vikaja, reli ikakatika, ikapita miaka mingine saba. Ilikuwa mwaka 2004 aliposhuka Kolwezi, nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, na pikipiki za abiria zikimgombania mbele ya stesheni kana kwamba hapajawahi kutokea kitu pale.

Alimkuta Mwenze nyuma ya nyumba, akipalilia mahindi. Kampuni ilikuwa imemrudisha nyumbani bila kumuaga. Jembe lilimponyoka.

"Mama Yolande," alisema.

"Simone alinitumia zile barua," Yolande alisema. "Zote."

Mwenze aliinamisha kichwa. "Mi nilifanya mubaya. Kutumia jina ya muntu ni wizi. Kila mwaka nilisema hii ni ya mwisho. Lakini kama hauandike, namba inaenda kwa mwingine. Na kama namwambia kweli..." Alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Nilitaka kukuwe na muntu moja mu dunia mwenye hajui kama tulikufukuza."

"Nilikasirika," Yolande alisema. "Nakwambia ukweli. Nilitaka kukuchukia."

"Uko na haki. Na mama Mbelu, iko namna gani? Magoti?"

Yolande aliona kwamba hakujua. Hakuna aliyempelekea habari. Akamwambia, polepole, kuhusu behewa na Kamina na vipande vya bati. Mwenze alikaa kwenye tuta la mahindi.

"Na mi nilimuandika anacheka," alisema.

"Njo ile imenileta huku. Aksanti, tata Mwenze. Hakuna picha ya mama iliyobaki. Iko ile barua tu."

Vitabu vilikuwa ndani ya kasha la chuma la kuwekea ramani. Ishirini na vinane sasa, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti. Yolande alivifungua kimoja kimoja, akitazama ukurasa wa mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: alivitoaje kwenye nyumba isiyo na mlango, vijana wakiwa barabarani?

"Si mimi," Mwenze alisema. "Mi walinijua. Uliza mama huyu."

Rachelle alikuwa mlangoni na kitambaa cha kukaushia sahani. Alikuwa amenenepa, na mguu mmoja aliuburuta kidogo.

"Niliweka mu beseni," alisema. "Juu yake sombe. Safari tatu, siku moja. Bale bijana banauliza, 'Mama, unauza?' Nasema, 'Iko ya ndoa ya mutoto wa dada.'"

"Wangekukamata je?"

"Hivyo sikufikiri sana. Nilifikiri ile bitabu." Alicheka kwa aibu. "Ile mapicha ya juu! Mashetani, bantu bila macho. Mi sijui kusoma Kifransa, nilisema huu ni uchawi, na umekaa juu ya kichwa yangu. Niliimba nyimbo za kanisa njia yote. Safari ya tatu sauti ilikuwa imeisha."

Mwenze alitazama ukuta. Inaelekea habari ya nyimbo hata yeye hakuijua.

"Mama Rachelle," Yolande alianza, na maneno yote aliyoyapanga kwenye treni yalikuwa yamekusudiwa Mwenze. Alimshika mikono yote miwili, ile iliyomlisha mama yake tonge kwa tonge. "Mi sijui nitakushukuru namna gani."

"Haya, kaa," Rachelle alisema. "Bukari inapoa."

Yolande alikaa kwao majuma mawili. Aliporudi Mwene-Ditu na kasha lake, alimwandikia Simone habari yote tangu mwanzo, na Simone akajibu kwamba namba 17 itabaki na wenyewe, ila huyo bwana wa Kolwezi asiache kuandika, kwa maana barua zake ni ndefu kuliko za Yolande wa kweli. Na kila Noeli, kutoka Mwene-Ditu, linapanda treni dumu la mafuta ya mawese lenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Jina lililoandikwa ni la Rachelle peke yake. Mwenze analalamika kila mwaka, kisha anakwenda stesheni kulipokea.