Njia ya Kurudi Nzega

Dakta Elieza alichora nukta ubaoni, akaziandikia majina: Ujiji, Tabora, Tura, Bagamoyo, na juu kidogo, Nzega. Kilikuwa kipindi cha mchana cha hisabati diskriti, ile ya nukta na mistari, katika chuo kimoja cha Tabora, bati limeshika joto, na wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wakijipepea. Alieleza kwamba mstari wenye mshale hupitika upande mmoja tu. Kisha akachora mishale, yote ikielekea pwani.

Alipomaliza mshale wa mwisho, mlango ulifunguka wakaingia mateka wa msafara, makongwa shingoni, vumbi jekundu hadi magotini. Walikuwa wamekufa zamani, kabla ya reli. Walikaa nyuma, kwa shida, kwa kuwa mmoja akikaa humvuta mwenzake.

"Waliochelewa wafunge mlango," alisema Dakta Elieza bila kugeuka.

Kabula, mwanafunzi aliyekuwa amekaa nyuma, alijikuta jirani na mama mmoja wa makamo. Alimwamkia shikamoo, naye akamjibu kwa Kinyamwezi kilekile cha kwao Nzega. Aliitwa Sayi. Walimkamata kisimani, mtoto kamwacha nyumbani amelala.

"Wewe ndiye unayesoma haya," alisema Sayi, akiuonyesha ubao. "Nitafutie njia ya kurudi."

Kabula alikuwa mwanafunzi mzuri, akatafuta. Alianzia Tabora, akafuata mshale, akapita Tura, akafika baharini. Akaanza upya, akafika baharini. Baada ya kipindi alimwendea mwalimu.

"Dakta, tukigeuza mshale mmoja tu, ule wa Nzega, huyu mama atafika."

"Tukiugeuza, litakuwa swali lingine."

"Lakini Nzega ni hapo tu. Mimi Ijumaa napanda basi naenda."

"Wewe, ndiyo," alisema Dakta Elieza, akijikung'uta chaki. Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya.

Jioni Kabula alimchukua Sayi, pamoja na wenzake wote maana hawakuweza kuachana, akawapitisha mtaa wa Gongoni. Wenye maduka walisogeza meza zao ili makongwa yapite. Walipofika barabara ya Nzega, miguu ya Sayi iligoma. Haiumi, alisema, haitaki kuinuka tu. Kabula alimvuta mkono mpaka jasho likamchuruzika. Kondakta wa basi aliwaita: Nzega, Nzega, nafasi zipo. Mwishowe wakageuka kuelekea mashariki, na miguu ikaenda yenyewe, myepesi. Hapo ndipo Kabula alipolia.

Kwenye mtihani liliulizwa swali hilohilo. Kabula alithibitisha kwamba kutoka Tabora hakuna njia inayofika Nzega. Uthibitisho wake ulikuwa mfupi, hauna kasoro. Dakta Elieza aliunakili ubaoni uwe mfano kwa wengine.

Sayi hakujua kusoma. Aliutazama muda mrefu.

"Hayo ni maneno yako, mwanangu?"

"Ni yangu, mama."

"Yanasemaje?"

Kabula alitafuta neno la Kinyamwezi lililo laini, akalikosa.

"Yanasema nimetafuta kote."

"Umefanya vizuri," alisema Sayi. Hakuuliza tena, siku hiyo wala baadaye.

Muhula uliofuata mateka wa misafara mingine nao walianza kuhudhuria, wengine wamesimama mbele, kando ya ubao. Darasa lililalamika kwamba halioni ubao, na uongozi wa chuo ukalishughulikia jambo hilo upesi. Vililetwa viti vipya, vikapangwa nyuma kwa mstari, kiti na kiti vikiachana kwa urefu wa kongwa.