Makofi kwa Mwanaidi

Siku ya kwanza Mwanaidi alipokuja na ushungi mrefu uliomfika kiunoni, na blauzi ya mikono mirefu chini yake, Mwalimu Nasra alimsimamisha mbele ya darasa la kwanza.

"Mtazameni mwenzenu alivyojistiri," alisema. "Mpigieni makofi."

Watoto wakapiga makofi. Mwanaidi akatazama vidole vyake vya miguu. Nasra aliona ni haya, akampenda kwa hizo haya, maana yeye mwenyewe alikuwa hivyo. Tangu atoke chuo cha ualimu na kupangiwa shule hii ya Likombe, akiambiwa aseme kwenye kikao cha walimu, sauti ilikuwa inamkauka.

Joto la Februari lilikuwa la kuchemsha. Mapumziko yakifika, wasichana walivua ushungi, wakajipepea nao. Mwanaidi hakuvua. Asubuhi alifika kabla ya mlango kufunguliwa, na mchana, wenzake wakitimua mbio kwenda kula, aliomba afute ubao, kisha akaomba afagie. Nasra aliwasimulia walimu kwamba amepata mtoto mwenye bidii. Siku moja aliinua mkono kuchukua chaki juu ya kabati, Mwanaidi akajikunyata na kujifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Darasa likacheka. Nasra naye alitabasamu.

Mchana mmoja, wenzake wameshakwenda kula, mvua ilimkuta Mwanaidi uwanjani akifagia. Aliingia darasani akitetemeka, nguo zimemganda mwilini.

"Njoo nikukamue hiyo mikono, mama."

"Sivui, mwalimu."

"Huvui. Nakunja tu."

Alikunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, akaacha hapo.

"Mafuta ya korosho," Mwanaidi alisema haraka, kwa pumzi moja, kama anayesoma shairi mbele ya mgeni rasmi.

Nasra alizaliwa Nanyamba. Aliyajua mafuta ya korosho kabla hajajua kusoma. Ukichoma korosho, mafuta ya ganda huruka. Ukibangua, hukushika vidoleni na viganjani, ngozi ikawa nyeusi, baadaye ikabambuka. Viganja vya Mwanaidi vilikuwa safi. Mkononi, juu ya kiwiko, ilikuwapo mistari iliyokwenda miwili miwili na kupinda mwishoni kama kitanzi. Mingine ilikuwa imeshafifia. Mingine bado imevimba.

Ni waya, uliokunjwa mara mbili.

Alikumbuka makofi yale. Uso ukamwaka moto, kana kwamba wazazi wote wa Likombe wamesimama dirishani wanamtazama.

Alishusha ule mkono wa blauzi taratibu, akamwita Mwalimu Lucy wa darasa la pili, mtu mzima aliyemzidi kwa mengi. Lucy alitazama, akamvuta Nasra kibarazani.

"Anakaa na nani?"

"Na baba yake mkubwa. Mzee Sudi. Tangu mama yake arudi kwao, upande wa Mnazi Bay."

"Sudi wa kamati ya shule? Aliyetuezekea hili bati?"

"Ananiita binti yangu," Nasra alisema.

"Basi leo utakuwa binti mkaidi. Usimhoji mtoto, kuna wenye kazi hiyo. Nampigia afisa ustawi wa jamii. Wewe kaa naye, asitoke."

Lucy hajarudi, Mzee Sudi akatokea uwanjani na mwavuli, suruali ameikunja, anacheka.

"Mwalimu wangu mpole. Mtoto wangu umemfanya kiporo? Wenzake wote wameshakula."

Nyuma ya Nasra, kiti kilikwaruza sakafu. Hakugeuka.

"Mwanaidi haondoki, mzee."

"Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

Mzee Sudi akaacha kucheka. "Kama ni ile mikono, ni korosho. Mtundu yule, kila nikichoma yupo jikoni."

"Mimi ni wa Nanyamba, mzee. Korosho haipigi mistari."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema. Mzee Sudi alifunga mwavuli, akausimamisha ukutani kama mtu atakayekaa sana.

"Binti yangu. Si wewe uliyemsifia? Alirudi nyumbani anaruka, mwalimu kasema nimejistiri, wamenipigia makofi. Nikamwambia basi, usivue hata siku moja. Leo unanigeuka?"

Kila alichosema mzee huyu juu ya makofi kilikuwa kweli, na mtoto alikuwa anasikia.

"Nilimsifia," Nasra alisema. Akabaki amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo.

Hakumpisha mpaka Lucy aliporudi na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamwomba Mzee Sudi waende ofisini wakazungumze, naye akaenda akinung'unika, mwavuli akausahau pale pale.

Afisa alikuja mvua ilipopungua, mama mnene mwenye sauti ya chini. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mwanangu, naomba nione mabega. Ukikataa, sikulazimishi."

Mwanaidi alimtazama Nasra.

"Mwalimu alisema ni vizuri nikivaa."

"Nilisema," Nasra alijibu. "Nilikosea, mama. Sikujua unaficha nini. Ukivua sitakasirika."

Akanyoosha mkono amsaidie kuutoa ushungi kichwani. Mwanaidi akafumba macho kwa nguvu, akakaza shingo.

Safari hii Nasra aliona. Akaurudisha mkono, akapiga magoti sakafuni mpaka akawa mfupi kuliko mtoto, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya mapaja, wazi, vionekane. Akasubiri. Baada ya muda Mwanaidi alifumbua jicho moja, akaitazama ile mikono, kisha akaanza kuuvua ushungi mwenyewe.